Ikikaa Nami Inazima

Jumanne, tarehe 4 Machi

Bisibisi mdogo wangu,

Salamu zangu zipokee ukiwa umekaa, maana barua hii ni ndefu na ina kazi ndani yake. Mimi ni mzima, ila masikio. Zile mashine za ovaloki za kiwandani zimeyala yote mawili kwa kelele zake. Ndiyo maana wiki iliyopita uliponipigia simu nilikujibu "na wewe pia," ukakata. Mpaka leo sijui uliniambia nini. Basi tuandikiane. Dereva wa gari la vitambaa anakuja huko kila Jumanne na Ijumaa kuchukua majora, anafika mchana na kurudi jioni, na amekubali kubeba barua zetu mradi nimpanulie kiuno cha suruali zake mbili. Ameniapia kwamba suruali ndizo zilizopungua.

Sasa sikiliza. Kiwanda kimenunua laptopu yenye programu ya kuchorea pateni za nguo. Miaka ishirini na sita nimekata kwa karatasi, chaki na mkasi, na meneja ametangaza kwamba karatasi sasa basi. Jumatano ya tarehe 26 wanakuja wageni kutoka hospitali kubwa kutazama tutakavyochora sare za wauguzi wao. Atakayekaa kwenye laptopu mbele yao akachora mwanzo mpaka mwisho, huyo ndiye atakuwa mkuu wa chumba cha kukata. Asiyeiweza mashine ataenda chumba cha vifungo. Unanijua. Mimi chumba cha vifungo nitakufa mdomo wazi.

Programu naijua. Nimejifunza miezi mitatu kimyakimya kwa kitabu chake cha maelekezo, wenzangu wakienda kula mchana. Shida ni kioo. Kinazima. Taa ya pembeni inawaka, nikiweka kiganja naihisi feni inavuma ndani, lakini kioo cheusi tii. Nikiinuka kuondoka, kinarudi. Nikikaa nianze kuchora, giza.

Na kuna Kucha. Huyo ni binti wa hapa kazini, tumempa jina hilo kwa sababu ya kucha zake ambazo sijui anafungaje vifungo vyake mwenyewe. Yeye akikaa, laptopu haizimi hata mara moja. Anasema mashine inajua nani ni wa zama zake. Watu wanacheka. Na mimi nacheka nao.

Wewe ni fundi, tena fundi mkubwa, nimewaambia watu wote hapa. Niambie nifanye nini.

Dada yako

———

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Dada mkubwa,

Barua yako imenivunja mbavu, hasa hizo suruali. Mwambie dereva na mimi nasema zimepungua.

Kuhusu kioo, ondoa wasiwasi kabisa. Tatizo la kioo kwetu ni kitu kidogo. Jana tu tumefufua tatu kabla ya chai ya saa nne. Fanya hivi, na ufuate hatua kwa hatua.

Kwanza zima mashine, chomoa waya wa umeme, toa betri. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukihesabu mpaka thelathini, bila kuachia. Hapo umeme uliojificha ndani unatoka wote. Rudisha betri, washa. Ikiwaka halafu ikazima tena, tafuta kwenye vibonye picha ya jua. Kuna jua dogo na jua kubwa. Bonyeza jua kubwa mara nyingi, huenda mwanga umeshushwa. Likishindikana hilo, chukua tochi, imulike karibu na kioo kikiwa cheusi. Ukiona picha hafifu kama kivuli, ujue picha ipo ila taa ya nyuma ya kioo imekufa.

Jambo la mwisho. Mnafunguaje mfuniko? Kama mnaushika pembe moja mnavuta, mnaua waya unaopita kwenye bawaba. Shika katikati, kwa upole.

Hivyo ndivyo tunavyofanya hapa. Ukimaliza hatua hizo itakuwa imepona, na wewe utakuwa unachora huku Kucha anakuna kichwa.

Fundi Bisibisi

———

Jumanne, tarehe 11 Machi

Bisibisi,

Haikupona.

Nimehesabu thelathini mara nne, mara ya mwisho nikahesabu mpaka sitini kwa hasira. Jua kubwa nimelibonyeza mpaka likakaribia kutumbukia. Tochi nimemulika, na nilichokiona ni uso wangu mwenyewe, umechoka. Hakuna kivuli wala picha. Mfuniko naufungua kwa adabu zote, kama mlango wa chumba cha mgonjwa.

Jana nikashindwa kuvumilia. Nilikuwa nimemaliza kola na mgongo wa sare kwa kuvizia mwanga, pateni nzuri kweli, giza likaingia tena. Nikainua mkono niipige kofi. Bisibisi, iliwaka kabla sijaushusha mkono! Nikakaa, nikaweka mikono juu ya vibonye vizuri kama mtu mstaarabu, ikazima. Nikainua mkono, ikawaka. Tukaenda hivyo mara tano, mimi natisha, yenyewe inaogopa, mpaka nikageuka nikamwona meneja mlangoni. Sijui amesimama hapo tangu lini. Aliuliza kama niko sawa.

Kucha akaja akaniambia kwa sauti ya upole, mdomo wake karibu na sikio langu, kwamba mama yake pia alishindwa na simu. Ningependa kumjua huyo mama yake.

Bado wiki mbili na siku moja. Nipe dawa kali zaidi.

Dada yako

———

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Dada,

Nimelifikiria jambo lako kwa kina na sasa nimepata njia ambayo haidanganyi. Tunaiita kutenganisha. Laptopu ni vitu viwili vimekaa pamoja: kuna bodi inayotengeneza picha, na kuna kioo kinachoionyesha. Ukitaka kujua mgonjwa ni nani, watenganishe.

Huko ofisini kwa meneja kuna televisheni, ulishawahi kuniambia. Tafuta waya unaounganisha laptopu na televisheni, uchomeke pande zote mbili. Kama laptopu itakuwa giza huku televisheni inaonyesha picha, ugonjwa uko kwenye kioo au waya wake. Kama zote mbili zitakuwa giza, ugonjwa uko kwenye bodi kuu, na hapo hakuna wa kukulaumu.

Ushauri wangu, fanya mbele ya meneja na wenzako wote. Waite kabisa. Waone kwa macho yao kwamba mgonjwa ni mashine na si wewe. Mtu wa ufundi haogopi kupima hadharani.

Mimi huku niko vizuri, kazi ni nyingi, watu wanapanga foleni.

Fundi Bisibisi

———

Jumanne, tarehe 18 Machi

Bisibisi,

Niliwaita wote, kama ulivyosema. Ofisi ya meneja ilijaa mpaka watu wa kupiga pasi. Kucha akachomeka waya, maana alidai ananisaidia. Picha ikatokea kwenye laptopu, ikatokea kwenye televisheni, safi. Mimi nikakaa kitini. Nikaweka mikono. Zote mbili zikazima kwa pamoja.

Kucha akakaa. Zote mbili zikawaka, na akachora mfuko wa sare, na hazikuzima. Nikakaa tena. Giza. Masikio yangu ni mabovu lakini kicheko cha chumba kizima hakihitaji masikio.

Meneja ni mtu mwenye adabu, hakucheka. Alinitoa nje akaniambia kwamba tarehe 26 atakaa Kucha, na kuanzia leo mimi niko vifungo. Alisema huenda mikono yangu ina mkosi na vitu vya umeme, kwamba hata shangazi yake alikuwa hivyo. Alisema kwa huruma. Ningependelea anitukane.

Usiniandikie tena habari za waya. Nina swali moja tu. Umewahi kuona kitu kama hiki kwa macho yako, hapo kwenye meza yako ya ufundi? Nijibu kweli.

Dada

———

Jumanne hiyohiyo, tarehe 18 Machi, mchana

Dada,

Dereva anakunywa chai hapo ng'ambo, nimemwomba asiondoke. Naandika haraka, samahani kwa mwandiko.

Sijawahi kuona. Sijawahi kuona hata vile vingine nilivyokuandikia. Mimi si fundi, dada. Sina meza ya ufundi. Nakaa kaunta. Mtu akileta mashine naandika jina lake, aina ya mashine na maelezo ya tatizo, nafunga kikaratasi kwa kamba, naipeleka chumba cha ndani kwa Fundi Mkuu. Ikipona naifuta vumbi namrudishia mwenyewe. Mtihani wa ufundi nilianguka, miaka sita iliyopita. Nilikuja likizo nikiwa nimejiandaa kukwambia, nikakuta umeshawatangazia majirani. Mdomo ukawa mzito, na kila mwaka ukazidi kuwa mzito.

Yale ya betri na tochi na televisheni niliyachota kwa Fundi Mkuu kidogokidogo, nikisingizia kuna mteja anasumbua. Ndiyo maana majibu yangu yalichukua siku tatu kukufikia. La kuwaita watu wote, lile lilikuwa langu mwenyewe. Nilitaka kuonekana mkubwa, ukaaibika wewe. Hilo linaniuma kuliko yote.

Lakini kuna kitu kimoja nakijua, nimekifanya miaka sita kila siku. Najua kuandika maelezo ya mteja. Watu hawaniambii kilichotokea, wananiambia wanachodhani. "Imeungua." "Imeingiwa na virusi." Mimi nauliza ilikuwa saa ngapi, ilikuwa juu ya nini, nani alikuwa karibu, mpaka wananikasirikia, na mara nyingi Fundi Mkuu akisoma kikaratasi changu haoni haja hata ya kufungua mashine.

Naomba uwe mteja wangu. Jaribu hiyo laptopu kila utakapoipata, na kila ikizima andika. Mkono upi ulikuwa wapi, umevaa nini, umeshika nini, kabla ya hapo ulikuwa unafanya nini. Usiache kitu hata ukikiona cha kijinga. Na usiniandikie unachodhani. Mashine haina mkosi na mtu, hilo sihitaji cheti kulijua.

Ukinikasirikia una haki. Ila niandikie hata ukiwa umekasirika.

Mdogo wako

———

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Wewe,

Miaka sita! Nimemwambia mpaka daktari wa meno, mdomo umejaa pamba, kwamba mdogo wangu ni fundi wa kompyuta. Nimeahidi watu watatu kwamba utawatengenezea simu ukija likizo, na kila ukija ulikuwa unaumwa mgongo. Sasa nimeuelewa mgongo wako.

Ungeniambia umeanguka mtihani ningekasirika siku mbili, ya tatu ningekupikia. Mama alipotuacha ulikuwa na miaka saba, nikakulea mimi, na siku zote hizo ni lini nilikufukuza kwa sababu umeshindwa kitu? Nimelia juzi. Nimelia tena jana, lakini jana ilikuwa kwa sababu ya vifungo.

Na kwa kuwa tumeanza kumwaga yote, pokea na langu. Meneja alipouliza nani amewahi kusomea kompyuta, niliinua mkono. Nilisema nina cheti nyumbani. Basi tuko sawasawa, na nadhani tulizaliwa na mama mmoja kweli.

Haya, mteja wako huyu hapa. Meneja hakunikataza kugusa laptopu wakati wenzangu wako chakulani, kwa hiyo nimekwenda Jumatano na jana.

Jumatano, saa saba na dakika kumi mchana. Gauni la bluu, aproni, miwani, viatu vya wazi. Sijashika kitu. Nimewasha kwa kidole cha kulia, kioo kimewaka. Nimechagua kazi kwa kidole hichohicho nikiwa nimesimama, mkono wa kushoto uko kiunoni. Kimekaa dakika nzima. Nimekaa kitini, mikono yote juu ya mashine. Giza. Nimeegemea nyuma nipumue, mwanga.

Saa saba na nusu nimevua miwani, labda inapiga mwanga vibaya. Giza vilevile. Nimevua viatu. Giza. Nimevua aproni, nikasema kama itaendelea hivi wataniita kichaa, nikavaa tena.

Jana saa saba na dakika tano. Gauni la kahawia. Mkono wa kulia peke yake, nachora kola kwa taabu, haizimi. Nikaleta wa kushoto ili nibonyeze kibonye cha pembeni, giza. Nimenawa mikono yote kwa sabuni, huenda ni mafuta ya ngozi. Nikaleta wa kushoto, giza.

Halafu jambo la kijinga, lakini umesema nisiache. Nilipokuwa nageuka nikaigonga sahani ya pini ya Kucha, zikamwagika sakafuni zote, na ingekuwa yeye angeokota mpaka jioni kwa kucha zile. Mimi nikapitisha mkono mara mbili tu zikanirukia zote, nikazirudisha sahanini, nikakaa kwenye laptopu na pini mbili tatu bado zimening'ang'ania. Giza tena. Nikarudi vifungo.

Ni hayo. Siku tano zimebaki, na sina tena ninalodhani.

Dada yako, bado nimekasirika

———

Ijumaa, tarehe 21 Machi, mchana

DADA!

VUA HIYO BANGILI!

Pini zinamrukia nani, dada? Zinarukia mkono wa nani duniani? Nimesoma mpaka hapo nikapiga ukelele, mteja aliyekuwa kaunta akarudi nyuma hatua mbili.

Bangili yako ya pini! Ile uliyoishona kwa kitambaa, unaivaa mkono wa kushoto tangu asubuhi mpaka jioni. Ndani yake kuna sumaku. Naijua kwa sababu niliing'oa mimi kwenye spika ya redio ya baba nikiwa na miaka tisa, nikakupa kwa kuwa ulikuwa unapoteza pini kila siku. Ulinichapa kwa ajili ya redio, halafu ukaivaa. Umeivaa muda mrefu mpaka huioni tena. Umevua miwani, umevua viatu, umevua aproni, umenawa na sabuni, bangili ikabaki palepale!

Sasa nieleze ninachokijua kwa macho yangu mwenyewe, maana nimekipima sasa hivi. Ndani ya mfuniko wa laptopu kuna kijisumaku kidogo. Chini, karibu na mahali unapopumzisha kiganja, kuna kijichombo kinachokihisi. Mfuniko ukishuka, kijichombo kinasema "tumefungwa," na kioo kinazimwa. Hakijui sumaku imetoka wapi. Mkono wako wa kushoto ukitua hapo, laptopu inaamini umeifunga. Inazima kioo chake na cha televisheni pamoja. Ukiinua mkono uipige kofi, inaamini umeifungua. Haikuogopi hata kidogo!

Nilikimbilia ndani, nikachukua spika mbovu kwenye kapu, nikaipitisha juu ya laptopu tatu za wateja zilizokuwa zinawaka. Ya kwanza ikazima. Ya pili haikuzima. Ya tatu, upande wa kushoto kabisa, ikazima! Nikainua spika, zikawaka. Fundi Mkuu alikuwa na kikombe mdomoni, akakisahau hapohapo.

Akaniuliza nani kaniambia. Nikamwambia nimesoma maelezo ya mteja.

Dereva anapiga honi. Weka bangili mbali, hatua tatu, nne, kisha uweke mikono yote miwili. Kisha uniambie, tafadhali, uniambie.

Mdogo wako

———

Jumanne, tarehe 25 Machi

Dada,

Dereva amefika mikono mitupu. Anasema alikuona mlangoni asubuhi, ukamsalimia vizuri, hukumpa kitu. Nimemhoji mpaka amechoka. Umekasirika? Nimekosea? Bangili si yenyewe?

Kesho ndiyo siku. Nimekosa usingizi kama anayechora ni mimi.

Huku kuna habari. Fundi Mkuu amesogeza meza ndogo chumba cha ndani, ameweka kiti. Nilipouliza ni ya nani, akaniuliza kama nimeona mtu mwingine humu. Nitakaa hapo asubuhi, mchana narudi kaunta. Nimejiandikisha mtihani wa Juni. Nikianguka utakuwa mtu wa kwanza kujua, siku hiyohiyo.

Jibu hata kwa neno moja.

Bisibisi

———

Ijumaa, tarehe 28 Machi

Fundi wangu,

Sikukujibu Jumanne kwa makusudi, na siombi radhi. Miaka sita ulininyamazia, siku tatu hazikuui.

Ukweli ni kwamba niliogopa kushangilia kabla ya wakati. Barua yako niliisoma Ijumaa jioni nikiwa nimesimama katikati ya chumba cha vifungo, nikautazama mkono wangu wa kushoto, nikakaa chini sakafuni. Jumamosi tunafanya kazi nusu siku. Wote walipoondoka nilibaki, nikaiacha bangili dirishani, nikaweka mikono yote miwili. Nimechora saa mbili nzima. Haikupepesa. Nilimaliza sare nzima, nikaifuta, nikaichora upya kwa raha tu. Kisha nikavaa bangili nikaweka mkono, giza. Nikavua, mwanga. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kugonga dirisha.

Ningeweza kumwambia meneja Jumatatu. Angesema, "Vizuri sana, lakini Kucha ameshapangwa." Kwa hiyo nikaufyata. Nikashona vifungo Jumatatu, nikashona Jumanne, Kucha akapita mara mbili kuniuliza kama nimezoea. Nikamwambia vifungo ni vitamu.

Jumatano wageni walikuja watatu, na mkubwa wao ni muuguzi mkuu, mama mmoja mpana wa mabega, sauti yake hata mimi niliisikia. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani na sinia la vifungo vya mfano. Kucha akakaa, televisheni ikawaka, akachora haraka na vizuri, sitamnyima haki yake. Mkono, mgongo, mfuko. Wageni wakatikisa vichwa kwa kukubali. Moyo wangu ukawa unashuka.

Ndipo yule mama akasema, "Zuri. Lakini sare zetu zote zinapasuka hapa." Akajipiga chini ya kwapa. "Nikimwinua mgonjwa, inapasuka. Kila mwezi. Nichoreeni ambayo itaniacha nimwinue mtu."

Kucha akapanua mkono wa sare. Muuguzi akasema hiyo wamejaribu, inaning'inia inaingia kwenye dawa. Kucha akapanua kifua. Akasema na hiyo wamejaribu. Kucha akatazama vibonye, na vibonye havikuwa na jibu, maana binti hajawahi kuona nguo ikipasuka mwilini mwa mtu na kurudishwa kwake aishone upya.

Nikaweka sinia chini. Nikasema, "Mama, hiyo haihitaji upana. Inahitaji kipande cha pembe nne, kishonwe chini ya kwapa, kimekatwa mshazari. Mkono ukiinuka, kinafunguka. Ukishuka, kinajikunja ndani, hakionekani."

Muuguzi akanigeukia mwili mzima. "Nionyeshe."

Meneja akaja karibu na sikio langu: "Ikizima mbele ya wageni je?"

Nikavua bangili, na pini zake zimesimama kama nywele za mtu aliyeshtuka, nikamwekea kiganjani. "Nishikie hii. Simama mlangoni, usisogee." Nadhani alidhani ni dawa, maana alikwenda bila kuuliza.

Nilimpima yule mama mabega na kwapa kwa tepu, nikakaa. Kucha alisogeza kiti mwenyewe. Nikaweka mkono wa kulia. Nikaweka wa kushoto. Bisibisi, sikupumua. Watu wote wa ofisi hawakupumua, walikuwa wanaitazama televisheni badala ya kunitazama mimi. Ikabaki inawaka. Nikachora mstari wa kwanza, bado inawaka. Nikachora bega, kwapa, kile kipande changu, nikakizungusha, nikakiunganisha kwa mistari. Dakika thelathini na tano, na kioo kilikuwa cheupe kama mchana.

Hatukuishia hapo. Pateni ikatolewa kwenye karatasi, nikakata kwa mkasi wangu, nikaishona haraka kwa mashine, na kabla ya wageni kula chakula muuguzi alikuwa ameivaa. Akamwita mgeni mwenzake, mwanamume mzima, akamshika chini ya mapaja akamnyanyua juu. Mwanamume akapiga kelele. Sare haikupasuka! Makofi yaliyopigwa, niliyasikia, mdogo wangu. Niliyasikia kwa masikio haya.

Meneja alikuwa bado mlangoni na bangili yangu mkononi kama mlinzi. Nikamwita aje taratibu, aisogeze karibu na laptopu. Giza. "Rudi nyuma." Mwanga. Akafanya mwenyewe mara nne, kisha wapiga pasi wakataka kujaribu, kisha mgeni aliyenyanyuliwa naye akataka. Meneja akaniambia mbele ya wote, "Nilisema mikono yako ina mkosi. Nimekosea, nisamehe." Nikamsamehe palepale, nilikuwa na nafasi ya kutosha moyoni. Hospitali imechukua sare yangu, na kile kipande cha kwapani. Na chumba cha kukata nimepewa mimi.

Meneja aliuliza nani aligundua ugonjwa wa laptopu. Nikasema ni mdogo wangu, fundi. Sikudanganya. Habari ya cheti changu nimemwambia pia, nikaona afadhali itoke siku ya furaha. Amesema nikatafute kingine cha kweli, kiwanda kitanipeleka.

Kucha alinijia jana jioni. Anataka nimfundishe kukata mshazari, naye anifundishe njia za mkato za vibonye. Nimemkubalia kazi. Kumsamehe bado, nitaangalia mwezi ujao. Nimemwambia kucha apunguze mbili tu za kuanzia.

Fanya mtihani wako wa Juni. Ukifaulu, nitafurahi mpaka majirani wakome. Ukianguka, njoo nyumbani Jumamosi ile ile, tule, tulale, Jumatatu urudi kwenye meza yako. Mimi nakupenda, na nimechoka kukupenda kupitia uongo.

Leo asubuhi nimefika kabla ya wote. Nimepewa ufunguo, kwa hiyo nimefungua chumba cha kukata mwenyewe, nikafungua madirisha, nikaweka mkasi mezani upande ninaoutaka mimi. Nikainua mfuniko wa laptopu, nikaweka mikono yote miwili, ikawaka, nikaanza kazi.

Dada yako,
Mkuu wa Chumba cha Kukata